Bado, Paka

Kiti hiki hakihamishwi.
Miguu yake minne imechimba vishimo kwenye zulia,
na Khatuna, binti yangu, kila akipiga simu kutoka Saloniki
huuliza: Baba, lile kabati umeshaliuza?
Namjibu: Bado. Paka.

Paka ana miaka kumi na tisa.
Jicho la kushoto limepata mtoto,
yule mtoto wa jicho asiyehama nyumbani.
La kulia, nadhani, linajua tu kwamba mchana ni mchana.
Sikio la kufa, husemwa, halisikii dawa.
Lake halikufa kwa ukaidi.
Niliangusha sufuria ya maharage, ikalia jikoni kama kengele ya kanisa,
na yeye akaendelea kulala kando ya hita,
mkia haukutikisika.
Nikaokota maharage moja moja, taratibu,
kama mtu aliyepewa habari.

Anaitwa Pisunia. Jina sikumpa mimi.
Lamara alimleta ndani ya kofia, siku ya mvua,
kutoka chini ya meza ya muuza jibini, soko la Kutaisi,
akasema: Otari, usitie neno.
Sikutia. Wala sikumpenda.
Miaka kumi na saba tuliishi kama wake wenza,
mimi na paka,
tukigombea magoti yale yale.

Magoti hayapo sasa.

Kwa hiyo asubuhi, kabla sijamgusa,
napiga sakafu kwa kisigino, mara mbili.
Mtetemo unapita mbaoni, unaingia kwenye nyayo zake,
naye anainua kichwa
na kuusalimu ukuta.
Chini yetu Bibi Zhuzhuna alikuwa akijibu kwa mpini wa ufagio,
hadi siku alipopanda ngazi amefura kama unga wenye hamira.
Sikubishana. Nilimwonyesha.
Alisimama na ndara zake, akatazama muda mrefu,
akashuka.
Tangu hapo hugonga dari mara mbili, polepole,
kama mtu ajuliaye hali.

Pua nayo inaaga.
Samaki nampasha moto mpaka nyumba nzima inuke,
koti langu linuke, Biblia inuke,
ndipo yeye ashuku kuwa pengine kuna samaki.
Maziwa ya mgando anayalamba kidoleni mwangu.
Ulimi wake ungali msasa.
Huo haujazeeka.

Saa nane za usiku husimama ukumbini, akalia.
Si njaa. Ni sauti ya asiyejisikia,
kubwa kuliko mwili uliobaki kuibeba.
Naamka, siwashi taa (taa ya nini, na ya nani?)
nafuata ukuta kwa kiganja
kama yeye kwa sharubu:
kabati, hatua tatu, kiti, hatua moja,
halafu msumari lilipotundikwa koti la Lamara.
Hapo ndipo ninapomkuta, kila mara,
paji la uso limebanwa kwenye pindo.
Kama ananusa kitu, sijui.
Mimi nilijaribu. Sikupata ila vumbi
na, labda, tumbaku yangu mwenyewe.

Daktari, kijana mwenye hereni, alimpapasa mbavu.
Hana maumivu, alisema. Siku ikifika, utajua.
Nikalipa, nikamrudisha kifuani ndani ya sweta.
Mambo mengi niliambiwa nitajua.

Jumanne fundi bomba alisogeza kiti shibiri moja tu.
Pisunia akagonga kichwa, akakaa chini, akakitafakari.
Usiku ule mimi nikagonga goti palepale,
nikatukana kwa sauti, kwa kuwa hakuna wa kusikia.
Kisha nikapiga magoti, nikakitafutia vishimo vyake
kwa vidole, kimoja kimoja, vyote vinne.

Leo simu imelia tena.
Baba, lile kabati?
Bado, nasema. Paka.
Kimya kidogo, upande wa Saloniki.
Sawa, Baba. Anakula?
Anakula, nasema. Ukimpashia moto.