Karani Hana Jina

Kibanda cha Onencan kiko nyuma ya kituo cha petroli, Buliisa:
mabati juu, magunia ya saruji ubavuni,
kiingilio shilingi mia tano,
mtoto wa mgongoni halipiwi.
Leo ni filamu ya Wafaransa.
Mvua imekuja pia, inatazama bila tiketi.

Onencan ameshika maikrofoni iliyofungwa mpira wa baiskeli.
Kifaransa alikiokota Mahagi, darasa la tatu,
kabla vita havijamvusha ziwa na godoro moja.
"Huyu mwenye skafu," anasema, "ni waziri.
Huyu mwenye miwani ni kampuni."
Watu wanacheka. Kampuni ina miwani!

Kule Parisi nako kunanyesha.
Bahasha inapita chini ya meza,
juu yake sahani ya samaki ambaye hakuna anayemla.
Mwandishi wa habari anapanda ngazi mbio,
barabarani gari jeusi linazima taa.
"Dada, usifungue!" kijana wa bodaboda anapiga kelele.
Anafungua.

Hapo Onencan anaacha kufasiri.
Nimemjua kwa pumzi: sauti yake imeshuka,
imevua viatu.
"Ardhi ya watu," anasema, "iliandikwa upya usiku.
Muhogo, mashina elfu, yakaandikwa mia.
Mvule ukaandikwa kichaka.
Kaburi la mama likaandikwa kichuguu,
maana kichuguu hakilipwi fidia."

Midomo ya Wafaransa inaendelea kutafuna
maneno mengine kabisa.

Mbele yangu Nyangoma, muuza simsim, ameshusha beseni.
Shamba lake siku hizi ni uzio,
na nyuma ya uzio kuna moto
usiozimwa usiku wala mchana, usiopika chochote.

Waziri anapanda helikopta. Kampuni inafuta miwani yake.
Mwandishi yuko mtoni, uso juu, kiatu kimoja.

"Nani aliandika?" Nyangoma analiuliza giza.
"Waziri hakijui kichuguu changu.
Nani alishika kalamu?"

Onencan anakohoa ndani ya maikrofoni.
"Karani. Filamu haikumpa jina.
Ulionekana mkono wake tu,
na saa mpya."

Navuta mkono wa shati.
Haikuwa kalamu, ningependa kusema, ilikuwa kompyuta.
Ningependa kusema bosi alisimama nyuma ya kiti changu,
na karo ya Kusiima ilikuwa imechelewa wiki sita,
na kwamba kaburi na kichuguu, ukivitazama kwa mbali,
ni udongo uleule ulioinuka.

Umeme unakatika.
Mtu anatukana, mtu anawasha simu.
Nyangoma ananigeukia, ananitia donge la simsim kiganjani,
bado lina joto la beseni.
"Mwanangu, wewe wa ofisini, macho yako yamesoma.
Wakiwasha, nisomee yale majina ya mwisho.
Yote. Hata yale madogo."

Nje, jenereta inavutwa kamba.
Mara ya kwanza.
Mara ya pili.