Mstari Kutoka Shingoni

Mashine ilikuwa imechemka, ukurasa wa kumi na tisa,
steshenari yetu ya Kiusa ikinuka wino na mahindi ya jirani,
ndipo nikaviona: vichwa, safu kwa safu,
vimetazama upande mmoja kama foleni ya benki.
Kila shingo ina mstari mweusi, mwembamba,
na mwisho wa mstari, kitu.

"Wanahua hao," akasema Aikande wa Chuo cha Ushirika,
chenji yake ingali mkononi mwangu.
"Mhispania alitaka kodi. Karani wao akachora."
Shoka limeuma gogo: seremala.
Wavu. Ndara. Unyoya mmoja mrefu, wa fundi manyoya.
Na mjane, aliyekosa chombo,
kapewa chozi shavuni.

Nikatoa nakala mbili. Ya pili sikumwambia.

Maana darasa la saba mwalimu aliuliza, Kazi ya baba?
akajijibu mwenyewe, kichwa hakuinua: mkulima.
Sote arobaini na watatu tulikuwa watoto wa mkulima,
hata Ndeshau, ambaye baba yake aling'oa watu meno.
Baba yangu alikuwa na jembe, ndiyo,
kama alivyokuwa na mwavuli.
Kazi yake ilikuwa mfongo.
Usiku alilala kifudifudi ukingoni, sikio ardhini,
akasikia maji yanatorokea wapi,
shamba la nani, fuko gani kachimba,
akarudi na tope nusu ya uso.
Yule karani asingemchorea jembe.
Angemchorea sikio.

Saa kumi akaja mama na fomu ya mkopo.
"Kazi?"
"Andika mjasiriamali. Si ndivyo mnavyoandikaga?"
Ndivyo. Tangu asubuhi, wajasiriamali tisa.
Kucha zake zilikuwa na unga wa ulezi,
kanga yake ikinuka ndizi zilizochacha.
Nikaliandika neno lao, kubwa, ndani ya kisanduku,
kisha kalamu ikatoka nje yenyewe,
mstari hadi pambizoni,
na mwisho wa mstari
kata ya mbege.

Akaivuta fomu. Akaiinamia.
Nikafungua droo nimtafutie nyingine, safi, bila malipo.

"Povu," akasema. "Povu umelisahau."