Usipake Vanishi

Damari alikuja karakanani na simu mkononi,
akapangusa vumbi la randa kwenye benchi, akakaa.
"Fundi Lenjima, nitengenezee hivi."
Nikatazama. Meza. Miguu minne
myembamba kama ya ndama wa alfajiri,
haina ua, haina simba, haina hata mfuo.
"Hii bado haijaisha," nikamwambia.
"Imeisha. Usichonge. Usipake vanishi."

Miaka ishirini na miwili hapa Chang'ombe
nimechonga mawaridi kwenye vitanda vya maharusi,
mizabibu kwenye milango ya watu wa Kisasa.
Mkono wangu haujui kunyamaza.
Usiku ule niliota mbao za paina
zimesimama uchi, zinaniomba shuka.

Lakini nilishakula malipo ya awali.

Iyumbu nikakuta nyumba nyeupe,
nyeupe ya chaki, nyeupe ya sembe,
na upepo wa Agosti umeshatia sahihi
kwa udongo mwekundu chini ya kila dirisha.
Sofa la bluu na vitambaa vyake: limeuzwa.
Kabati la vyombo, maua ya plastiki,
kalenda ya dayosisi: stoo.
Limebaki pazia moja, jepesi kama utando wa maziwa.
"Huko kwenye mtindo huu," Damari akanieleza,
"jua linachelewa kama mshahara wa kibarua.
Wanapaka weupe ili kila tone la mwanga libaki ndani."
Nikachungulia nje.
Saa sita ya Dodoma ilisimama kizingitini na jua lake zima,
haikungoja kukaribishwa.

Tulikuwa tunasogeza meza, yeye huku, mimi kule,
mama mkwe alipoingia kutoka Mvumi,
kuku kwapani, uwele kwenye ndoo.
"Mbukwenyi," akasema.
Kisha akaiona sebule.
Kiti kimoja. Ukuta mtupu. Ngozi ya mbuzi sakafuni.
Kuku akamponyoka.
"Yaya gwe! Ni nani?"
Tayari kanga ya begani ameshaikaza kiunoni.
"Nani amefariki, na mbona hamkunipigia?"

Maana kwetu viti havitoki sebuleni
mpaka watu wanakuja kulia.

Damari akacheka, halafu kicheko kikamkauka.
Akaeleza mtindo. Akaonyesha simu, picha baada ya picha.
Mama hakuangalia picha.
"Nipigie mwanangu nimsikie."
Simu ikaita, ikaita. Ikapokewa kwa mnong'ono:
"Mama, niko kikaoni Mtumba."
Hapo ndipo alipokaa. Chini. Juu ya ngozi,
miguu ameinyoosha, pumzi inarudi kidogo kidogo.

Akaipapasa ngozi. "Hii hamkuisugua vizuri."
Akapandisha kiganja kwenye mguu wa meza.
"Na huu haukupakwa kitu?"
"Haukupakwa, mama."
Akanyamaza, nikadhani amechukia.
"Kwenye tembe letu kilikuwepo kigoda cha mama.
Nacho hakikupakwa kitu. Kilikuwa kinang'aa."
"Mlikisugua na nini?" nikauliza, mimi fundi.
"Makalio," akasema. "Miaka arobaini."

Akafungua mkoba, akatoa kitambaa cha kufuma,
rangi ya chungwa, pembeni kina njiwa wa kijani,
kazi ya masika mazima, kwa ajili ya sofa
ambalo sasa wanalikalia watu wengine huko Nkuhungu.
Akakishika tu. Hakusema kiwekwe wapi.
Damari akatazama kitambaa, akatazama weupe wake wote,
akakipokea kwa mikono miwili.

Sikungoja kuona. Nilidai salio langu nikaondoka.
Na lile lingine sikumwambia mtu:
chini ya ubao, pasipofika macho ya mgeni,
nilichonga ua moja, dogo kama kifungo cha shati.
Aliyeliona mpaka leo ni kuku,
maana ndiko alikokimbilia.