Kuvunja Ungo

Saa mbili asubuhi, Dundee bado usiku.
Nimevaa glavu. Nadondosha estrojeni
kwenye seli za titi la mwanamke nisiyemjua jina,
aliyekufa kabla sijazaliwa.

Tone moja. Chozi la sisimizi lingelizidi.
Tunasubiri. Eilidh anachemsha chai,
ananiuliza kama kwetu huanguka theluji.
Mwaka wa sita huu ananiuliza.

Homoni haibishi hodi. Huingia hadi chumba cha ndani,
hukalia kiti kilichochongwa kwa kipimo chake,
huamuru: fungua, soma, nakili, zaa.
Na seli, mtiifu wa watu, husokotoa nyuzi zake mbili
ipate kusoma upesi,
na kwa ule upesi nakala changa hukwama,
hujikunja kitanzi,
uzi hukatika.

Chai ya pili. Chumba cha darubini, taa zimezimwa:
nukta za kijani, kila nukta mkato.
Mafundi wa ndani huja kushona. Ni hodari,
karibu kila mara ni hodari.
Ila siku moja watashona mkono wa shati hili
kwenye shingo ya lile,
na shati litavaliwa hivyohivyo,
na litazaa mashati.

Simu inatetemeka chini ya koti jeupe.
Raya, miaka kumi na mmoja, chooni shuleni:
*Mama, imekuja.*

Pangani tungesema amevunja ungo.
Shangazi Mwanamkasi angefunga mlango,
angemfundisha kwa sauti ya chini yasiyofundishwa mchana,
yeye na titi lake la kushoto la kitambaa
alilolishona mwenyewe, akalijaza mtama
lipate uzito wa lile lililobaki hospitali.
Sikuwahi kumuuliza kwa nini neno letu ni kuvunja.
Nilidhani ni ungo tu,
pumba huku, mchele huku.

Ni hiyohiyo. Hii ninayoagiza kwa miligramu,
inayofika na barafu na fomu tatu za kusaini,
imemfikia mwanangu bure, kwenye choo chenye mlango mbovu,
na itampa nyonga, na maziwa akitaka,
na haitamwomba ruhusa kwa lolote.

Naandika: *Hongera, mama. Pedi zipo mfuko wa mbele,
nilizitia tangu Septemba.*
Ya nukta sikuandika.

Narudi kuhesabu. Mimi nimepata arobaini na moja,
Eilidh thelathini na tisa.
Tunaanza upya.