Merikani na Kanga ya Japani

Katika kasha la mama, chini ya udi na vyeti vya kuzaliwa,
mna vipande viwili vya nguo.
Kimoja merikani, kizito, rangi ya mchele usiopepetwa.
Cha pili kanga nyekundu iliyochujuka,
pindoni ina chapa ya kiwanda cha Japani.
"Hizi," mama husema, "zilipigana dukani
kabla ya kupigana baharini."

Dukani kwa Taibali, Langoni,
kwa bei ya pima moja ya merikani
ulipewa pima mbili za Japani na tabasamu.
Babu yangu Shekuwe alizishona zote.
Sindano haina bendera.

Kisha mwaka mmoja Japani haikuja.
Taibali alipangusa rafu tupu kila asubuhi,
na Lali, nduguye babu, akaingia Keya,
akapelekwa Burma kwa viatu vilivyombana.

Alirudi Lamu na vidole vinane na swali moja.
Alilitua juu ya meza ya cherehani
kama shati la kutiwa kiraka:
"Nimewapiga Wajapani, wamenipiga.
Afande alisema ni wabaya, basi.
Lakini wao na Mmarekani, nti mbili mbali vile,
bahari nzima katikati,
waligombea nini?"

Babu hakuinua mato. Alikuwa akitunga uzi.
"Mjapani hana kisima cha mafuta.
Manowari zake zilikuwa zikinywa kwa Mmarekani.
Naye alikwisha kuingia Uchina bila hodi,
chumba kwa chumba, akichoma.
Mmarekani akamwambia, toka.
Akamnyima chuma chakavu. Hakutoka.
Akamzuilia fedha zake. Hakutoka."
Hapo babu akaulamba uzi, na kama ada ya watu wa Mkomani
jambo likiwa zito, akalitia mizani:

Bomba alipolifunga
Mjapani alizinga
hesabu akaziunga
akaona yatakwisha.

Kutoka angalitoka
lakini aibu shoka
ulimini lanoleka
na vichwa likaangusha.

"Kusini mafuta yako, Borneo, Sumatra,
ila ndiani, Ufilipino, amelala Mmarekani
kama mbwa kizingitini.
Akaona ampige kwanza, Jumapili asubuhi,
mabaharia hawajamaliza chai.
Alihesabu madebe. Alihesabu miezi.
Viwanda vya mwenziwe navyo alivihesabu,
kisha akafumba mato."

Lali akautazama mkono wake.
"Basi vidole vyangu ni bei ya debe la mafuta."
Cherehani ikaenda. Ikasita. Ikaenda.

Bibi Mwanakombo alikuwa akiingia na koroboi,
utambi umefupishwa, mafuta yenyewe ya kupimiwa kwa kijiko.
"Bomba, bomba," akasema.
"Na Mchina mwenye nyumba
hata jina hamkumtaya."
Akaiweka taa baina yao, akatoka.
Mama, mtoto wa miaka sita chini ya meza,
anakumbuka hakuna aliyejibu,
na kwamba miguu ya Lali ilikuwa ikitetemeka
bila ya baridi.

Lali alifariki mwaka wa mvua nyingi.
Ilikuwa usiku, maduka yamefungwa, bafta haikupatikana,
akavikwa merikani ya akiba.
Hiki kipande ndicho kilichobaki.

Kanga nimeikunjua jana, dirishani.
Jina lake limeandikwa kwa herufi za Kiarabu,
na fundi wa huko, asiyejua Kiarabu wala Kiswahili,
alinakili kila nukta kwa adabu
kama mtu anayembebea mwenziwe yai.
Nasoma: Ukinifungia mlango
na hapo rangi imekwisha.

Mama asema palikuwa na maneno mengine.
Aliyajua utotoni.
Nimeigeuza upande wa pili, nikaisogeza kwenye jua,
nikatafuta kwa kidole.