Shimo la Nyuma ya Nyumba

Mchimba kisima huingia mwenyewe.
Nasi tulichimba, tukaingia kwa hiari,
tukaziba mlango kwa gunia.

Lori lilitupa mabati barazani, likaenda.
Baba akang'oa waridi za mama,
moja baada ya nyingine, akiziomba radhi.
Alikuwa kuli wa bandari ya Hull:
kubeba alijua, kuchimba hakujua.
Shimo likapinda kushoto kama kofia ya mlevi.
Mama akalitazama, akapangusa mikono:
"Wilfred, umetuchimbia kaburi lenye ngazi."

Maji. Hakuna aliyetuonya habari ya maji.
Yalipanda usiku kucha kutoka chini,
mgeni asiyebisha hodi.
Kila jioni, kabla king'ora hakijalia,
mama aliyateka kwa sufuria ya uji
akayamwagia kabichi.
Chura mmoja tulimwacha. Alikuwa mwenyeji kuliko sisi.

Usiku wa tatu akaja Bwana Harker.
Hawakusemezana na baba miaka saba,
kisa tawi la mpea lililovuka ua.
Alisimama kwenye tope, kofia kifuani.
"Kwangu ni saruji tupu," akasema, "hapachimbiki."
Baba akasogea.
Suluhu nzima ilikuwa hiyo: shubiri mbili za benchi.

Kazi yake ilikuwa kutia piano sauti.
Mfukoni alikuwa na uma wa chuma, meno mawili;
aliugonga gotini, akausogeza sikioni mwangu.
"Hii ni la."
"La?"
"La. Sasa sikiliza hizo zinazopita juu:
injini mbili, hazipatani hata kidogo.
Wangeniletea ningezirekebisha."
Mama akacheka hadi mshumaa ukazimika,
nami gizani nikaishika ile sauti kwa meno,
kila kishindo, la,
kila kishindo, la, la, la.

Asubuhi ile ya Mei tulitoka kwa magoti.
Nyumba yetu ilikuwa imepoteza madirisha.
Ya Bwana Harker ilikuwa imepotea.
Nyaya za piano zilining'inia mpeani,
zikitetemeka, bila kusema kitu.
Hakulia. Aliomba ngazi.
Alizikusanya siku mbili, akizipanga kwa unene,
na baba chini yake, ameishika ngazi.

Kiangazi kile maharage yalipanda mabati yetu
juu ya nyaya nene za sauti ya chini.
Tuliyala. Hayakuwa na ladha ya muziki;
yalihitaji chumvi, na chumvi ilikuwepo.

Vita vilipokwisha wakaja watu kudai bati lao.
Mama aliwapikia chai, akawaonyesha kuku
waliokwisha hamia mle ndani, wanaotaga,
na watu wale wakaandika kitu, wakaenda.

Nina miaka themanini na tisa. Sisikii vizuri.
Mjukuu amejenga banda la baiskeli, paa la bati,
na mvua ikianza natoka, nasimama chini yake
nimevaa viatu vya ndani.
"Bibi, utaloa."
Ngoja kwanza.
Iko chini kidogo ya la.