Madoa

Sikuwahi kumwona akicheza, hata mechi moja.
Jumapili nilikuwa na chungu changu cha majivu na mafuta ya ng'ombe,
nikipika sabuni nyuma ya nyumba,
na kelele za uwanjani zilinifikia kwa upepo wa mto
nusu nusu, kama habari ya msiba wa watu wengine.

Lakini Jumatatu gunia lilikuja mlangoni:
jezi kumi na moja za timu ya kiwanda,
bado mbichi kwa jasho, zikinuka farasi na nyama ya kopo.
Miaka ile jezi hazikuwa na namba.
Ya Eleuterio Bazterrica niliijua kwa ubavu:
kushoto, kijani cha nyasi hadi kwapani;
kulia, safi kama kitambaa cha altare.

Wanaume walisimulia dukani, kibuyu cha mate kikizunguka:
Mashoto kampiga tobo beki wa Paysandú,
Mashoto kawavisha kanzu wawili kwa mguu mmoja.
Nilicheka peke yangu.
Mvisha watu kanzu,
na kola yake mwenyewe nimeishona mara sita!

Mwaka wa mafuriko ilikuja damu, kidogo, kwenye mkono.
Haikuwa yake. Damu ya mwenzio hutoka kwa maji baridi
sawasawa na yako; hilo vidole vyangu vinalijua.
Mwaka uliofuata, rangi ya midomo kolani.
Nikaisugua mara mbili, nikanyamaza.
Mfuaji ni padri asiye na joho.

Kisha gunia likaja na jezi kumi.
Nikahesabu tena. Kumi.
Amenunuliwa Montevideo, walisema,
kwa bei ya mafahali kumi na wanne na suti moja.
Wiki ya pili ya kumi na moja ilirudi, na mtu mwingine ndani yake,
kijana aliyechafuka pande zote,
kama mtu anayeanguka tu.

Misimu mitatu.
Redio ya dukani ilimtaja
mwanzoni jina na ukoo,
kisha ukoo peke yake,
kisha dakika aliyotolewa.

Alirudi na boti ya barua, goti limefungwa bendeji.
Wahenga wanasema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini.
Ni kweli.
Ila mji wetu ni wa kiwanda cha nyama,
na zizi letu lina mlango wa pili.

Wakampa kazi kwenye chumba cha barafu,
kubeba mapaja ya ng'ombe begani,
na Jumapili wakampa jezi yake ile ile. Kwa heshima, walisema.
Nikaanza kuisoma upya.
Nyasi zilihamia mgongoni.
Kisha zikapungua.
Kisha vumbi la benchi, mstari mmoja, hapa chini.

Jumatatu ya mwisho wa Agosti
niliivuta kutoka guniani nikaikunjua kwenye jua la baridi.
Hakuna kitu.
Mikunjo yangu ya wiki iliyopita bado imo, minne,
kama pasi yangu ilivyoiacha.
Sijui aliibeba tu kwapani hadi uwanjani na kurudi,
au aliikalia.

Niliilowesha hata hivyo.
Niliipaka sabuni, nikausugua ule ubavu wa kushoto
hadi viganja vikawaka moto.
Ilipokauka nikatazama huku na huku.
Mke wa fundi wa makopo alikuwa ndani, anakohoa.
Basi, Mungu anisamehe,
nikaipeleka nyuma ya nyumba, nikapiga magoti,
nikaiburuta kwenye nyasi, kushoto,
kutoka pindo hadi kwapani.

Ijumaa mtunza stoo alinikata senti ishirini kwa uzembe.
Nikamwambia akate na za wiki ijayo.